Simu za matapeli wanaotafuta taarifa za akaunti yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepangwa kuanzia simu inapoita hadi pesa inapokuwa imeshatoka. Kama yako imeshatoka, shuka moja kwa moja hadi swali la "Nimeshawapa namba zangu". Haya ya juu utayasoma ukitulia.

Nitajuaje kwamba anayenipigia ni tapeli na si mfanyakazi wa benki?

Kwa sauti hutajua. Matapeli wa kazi hii hufundishwa kuongea kama huduma kwa wateja: wanasalimia vizuri, wana muziki wa kusubirisha, nyuma yao unasikia kelele za ofisi, na mara nyingine wanakuhamishia kwa "msimamizi" ili uone uko ndani ya taasisi kubwa. Anayejaribu kupima sauti au lafudhi anapoteza muda.

Pima ombi. Mtu aliyekupigia yeye akitaka chochote kati ya hivi, kata simu: namba yako ya siri (PIN), nenosiri, OTP (namba ya siri ya kutumika mara moja) iliyoingia kwa SMS, tarakimu 3 za nyuma ya kadi, kusakinisha programu, au kuhamisha pesa kwenda akaunti nyingine. Benki ikishuku muamala inauzuia yenyewe. Haikuhitaji umtajie mtu PIN ili iuzuie, kwa sababu mfumo ni wake na kitufe cha kuzuia kiko kwake. Ukilishika hilo, hadithi nyingi za matapeli zinakosa miguu.

Alijua jina langu, tawi langu, hata namba za mwanzo za kadi yangu. Si ushahidi huo?

Huo ndio mtego wenyewe. Tarakimu 6 za kwanza za kadi (kwa kadi nyingine 8) ni utambulisho wa benki iliyoitoa. Zinafanana kwa maelfu ya wateja wenye kadi ya aina hiyohiyo, na si siri. Tapeli akijua tu benki yako, anaweza kukusomea tarakimu hizo kwa kujiamini: "Kadi yako inaanza na nne, tano, tatu... naomba umalizie tuone kama tunazungumzia kadi ileile." Unamalizia. Umempa kadi nzima, na wewe unaona yeye ndiye aliyekuthibitishia.

Tarakimu 4 za mwisho nazo huchapwa kwenye risiti. Jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na mahali unapoishi vinapatikana kwenye orodha zilizovuja na kuuzwa, kwenye fomu za bahati nasibu ulizojaza miaka iliyopita, au kwenye ukurasa wako mwenyewe wa mtandao wa kijamii. Kwa hiyo taarifa za kweli alizonazo zinaonyesha kwamba amezipata mahali, basi. Hazisemi anafanya kazi wapi.

Simu ilionyesha jina na namba halisi ya benki. Inawezekanaje?

Namba inayoonekana kwenye skrini hutumwa na upande unaopiga, na kwa simu zinazopitia intaneti mtu anaweza kuandika namba yoyote anayotaka ionekane. Mitandao ya baadhi ya nchi imeanza kukagua jambo hili, lakini ukaguzi huo haujaziba matundu yote. SMS ni vilevile: mtumaji akighushi jina la benki, simu yako inaupanga ujumbe wake chini ya zile SMS za kweli za benki, kwenye mazungumzo yaleyale. Tapeli mjanja hukwambia, "Geuza kadi yako, linganisha namba ya nyuma na hii ninayokupigia." Zinafanana. Hakuna kilichothibitika.

Namba halisi inathibitisha kitu pale tu wewe unapoipiga.

Kwa nini wanahangaika hivyo na OTP?

Tuangalie simu moja kwa karibu, pande zote mbili.

Upande wako unasikia: "Shikamoo mama. Nakupigia kutoka kitengo cha usalama cha benki yako. Kuna mtu anajaribu kutoa pesa kwenye akaunti yako sasa hivi, umemruhusu?" Unashtuka, unasema hapana. "Usijali mama, tunazuia. Nakutumia namba ya kufuta huo muamala, nisomee tarakimu sita tu."

Upande wake: amefungua ukurasa wa kuingia wa benki yako kwenye kompyuta, jina lako la mtumiaji analo tayari, na wakati anasema "usijali" anabonyeza "Nimesahau nenosiri". Mfumo wa benki, wa kweli kabisa, unakutumia OTP. SMS inaingia palepale alipokwambia itaingia, kutoka jina halisi la benki, na hilo ndilo linalowamaliza watu wengi. Ukimsomea, anaweka nenosiri jipya na wewe umebaki nje ya akaunti yako.

Anakuharakisha kwa sababu OTP huisha muda baada ya dakika chache. Anakwambia "soma namba tu" kwa sababu maneno yanayotangulia namba yanamsema: "OTP ya kubadilisha nenosiri", "ya kusajili kifaa kipya", "ya malipo kwa duka fulani". Soma maneno kabla ya namba, kila mara. Ukikuta yanahusu kuongeza kadi kwenye simu, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa OTP hiyo moja ikishapita, kadi yako inakaa kwenye simu ya tapeli na anaweza kulipia madukani kwa kugusisha tu, bila OTP nyingine.

Na kupokea pesa, iwe zawadi, mkopo au marejesho, hakuhitaji PIN wala OTP. Vitu hivyo ni vya kutoa.

Namba ya akaunti peke yake ina madhara? Si ndiyo hiyo tunayowapa watu watuwekee pesa?

Inategemea mahali ulipo na benki yako inaruhusu nini. Sehemu nyingi namba ya akaunti na jina vinatosha kukuwekea pesa tu. Lakini panapotumika makato ya moja kwa moja au hundi, namba hiyo pamoja na namba ya utambulisho wa benki zinaweza kutumika kukutoa pesa.

Chukua kitabu cha hundi uangalie mstari wa chini. Zile tarakimu za umbo la ajabu, zilizochapwa kwa wino wa sumaku ili mashine izisome, zina namba ya benki, namba ya akaunti na namba ya hundi. Muuzaji wa simu anayekwambia "nisomee namba zilizo chini ya hundi yako tuhakikishe unastahili ofa" anaweza kutengeneza hundi isiyo na saini yako, ambayo mahali pa saini pana maneno kwamba mwenye akaunti ameidhinisha. Utapeli huu ulisumbua Marekani hadi mwaka 2015 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ikaamua kuwapiga marufuku wauzaji wa simu kutumia hundi za namna hiyo.

Mara nyingi wanaanza na kiasi kidogo, hata kisichokushtua, kuona kama akaunti iko hai na kama mwenyewe hukagua. Kwa hiyo makato madogo usiyoyatambua kwenye taarifa ya akaunti yaulizie siku hiyohiyo.

Wauzaji wa kweli wa simu wapo. Nitawatofautishaje?

Muuzaji halali anakubali mambo ambayo tapeli hawezi kuyavumilia. Mwombe akutumie maelezo yote kwa maandishi: jina la kampuni, bei kamili, masharti ya kujitoa. Mwambie utampigia kesho kwa namba utakayoitafuta mwenyewe. Mwambie hutoi namba za benki kwa simu, utalipia kwenye tovuti au ofisini. Muuzaji wa kweli atasikitika kidogo kwa kukosa mauzo ya haraka, halafu atakubali. Tapeli ataanza: ofa inaisha leo, nafasi zimebaki mbili, msimamizi ameniruhusu wewe tu. Akiona hulainiki, anakasirika. Tapeli aliyekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa dakika kumi nzima anaweza kubadilika kwa sekunde moja.

Chambo ni vilevile miaka nenda rudi: zawadi ya shindano ambalo hukuingia, mkopo usio na masharti, kupunguziwa riba, jaribio la bure linalohitaji kadi "kwa ajili ya usajili tu", kazi inayotaka ulipie fomu. Ukishinda zawadi halafu ukatakiwa kulipa ada, kodi au usafirishaji kwanza, hakuna zawadi.

Nikisema "ndiyo" wakanirekodi, wanaweza kutoa pesa?

Neno moja halifungui akaunti, usikose usingizi kwa hilo. Kinachotumika vibaya ni rekodi kamili ya "uthibitisho": baada ya kukupata, anaingia mtu wa pili na kukutaka useme jina lako, anwani, benki yako, kisha ujibu ndiyo kwa swali refu linalosomwa haraka. Rekodi hiyo wanaipeleka benki ukilalamika, au wanakutishia nayo wewe mwenyewe: "Umekubali, tuna sauti yako." Mkataba uliopatikana kwa uongo bado unapingwa. Usilipe kwa kuogopa rekodi.

Nikate halafu nipige benki. Napiga vipi kwa usalama?

Namba iliyo nyuma ya kadi, kwenye taarifa ya akaunti, au ndani ya programu rasmi ya benki. Usitumie aliyokupa mpigaji, iliyo kwenye SMS, wala ile inayotokea juu kabisa unapotafuta mtandaoni, maana matangazo ya kulipia huwekwa hapo na matapeli nao hulipia.

Kama ulipokea kwa simu ya mezani, tahadhari moja zaidi. Kwenye baadhi ya mitambo, laini haikatiki upande wako ukiweka mkono wa simu chini endapo aliyepiga hajakata. Tapeli anabaki hewani, anakuchezea mlio wa kupigia, wewe unabonyeza namba ya benki na "mhudumu" anapokea: ni yeye au mwenzake. Tumia simu nyingine, au kwanza mpigie mtu unayemfahamu sauti yake.

Ameniambia nibonyeze namba yenye nyota na alama ya reli ili "kulinda laini". Ni salama?

Usibonyeze. Kwenye mitandao ya GSM, nyota, 21, nyota, namba ya mtu, kisha alama ya reli, ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwa mtu huyo. Benki ikipiga kukuuliza kuhusu muamala, tapeli anapokea na kuuidhinisha. Kama umeshabonyeza, piga *#21# kuona kama simu zako zinaelekezwa, halafu ##002# kufuta maelekezo yote. Laini ikipoteza mtandao ghafla huku wenzako hapo ulipo wanao, fikiria kwamba kuna mtu amesajili laini nyingine kwa namba yako. Tafuta simu nyingine, piga kampuni ya simu kisha benki.

"Fundi" anataka nisakinishe programu aone skrini yangu. Kuna ubaya gani akiona tu?

Haishii kuona. Programu za kuendesha kifaa kwa mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, ni halali na mafundi wa kweli wanazitumia, lakini ukimpa mgeni anaona SMS zako zikiingia, anaona unavyoandika nenosiri, na akipewa ruhusa anabonyeza yeye.

Kuna mchezo mmoja hapa unawaliza hata watu makini. Anasema kampuni inakurudishia pesa, ufungue akaunti yako kwenye kompyuta. Kisha anaigeuza skrini iwe nyeusi kidogo. Ikirudi, salio limeongezeka, tena kwa kiasi kikubwa kuliko kilichoahidiwa. "Jamani nimeongeza sifuri, nitafukuzwa kazi, naomba urudishe iliyozidi." Hakuna pesa iliyoingia. Ama amebadilisha maandishi ya ukurasa kwenye kivinjari, jambo linalofanyika kwa sekunde chache na halibadilishi chochote benki, ama amehamisha pesa yako ya akiba kwenda akaunti yako ya kawaida. Unachorudisha ni chako. Pakia upya ukurasa, au angalia salio kwa kifaa kingine kabisa.

Ndugu wa mchezo huo ni SMS ya uongo ya "umepokea pesa" ikifuatiwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba. Angalia salio, usiangalie SMS. Na hata kama imeingia kweli, usimrudishie wewe: mwache aombe marejesho kupitia benki au kampuni yake.

Wanasema nihamishe pesa kwenda "akaunti salama". Ipo?

Haipo.

Nimpe namba za uongo nimchezee?

Atajua haraka. Tarakimu ya mwisho ya kadi hutokana na hesabu ya zile zinazotangulia. Njia hiyo ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1960. Namba ya kubuni ina nafasi moja katika kumi ya kupita. Halafu kila dakika unayokaa hewani inamwonyesha kwamba namba hii hupokelewa na mtu mwenye muda wa kuongea, na orodha za watu wa aina hiyo zinauzwa. Kata bila kuaga. Adabu hapa haidaiwi.

Sauti ilikuwa ya mwanangu kabisa, akiomba pesa za dharura.

Sauti sasa hivi inaigizwa kwa kompyuta kutokana na kipande kifupi cha video au ujumbe wa sauti. Kata, umpigie kwa namba yake unayoijua siku zote. Asipopatikana, mpigie mtu anayekaa naye. Kubalianeni nyumbani neno moja la siri ambalo halijawahi kuandikwa mtandaoni. Anayeomba pesa bila kulijua hapewi.

Nimeshawapa namba zangu. Nifanye nini sasa hivi?

Kwa mpangilio huu, maana hapa dakika zina maana:

1. Kata simu. Kama ulisakinisha programu, zima intaneti ya kifaa hicho na usikitumie tena kwa benki hadi kisafishwe.
2. Kwa simu nyingine, piga benki. Sema maneno haya mwanzoni kabisa: "Nimetapeliwa, naomba mfunge kadi na huduma ya kielektroniki ya akaunti yangu sasa." Usianze na hadithi, mhudumu anaweza kufunga huku ukiendelea kueleza. Ikiwa programu ya benki ina kitufe cha kusimamisha kadi, kibonyeze wakati unasubiri kupokelewa.
3. Taja kila muamala usioutambua, uombe upingwe, na uombe waiarifu benki iliyopokea ili izuie kiasi kilichobaki. Pesa ya utapeli hupitishwa akaunti kadhaa kwa muda mfupi.
4. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Iandike pamoja na saa.
5. Badilisha nenosiri la benki na la barua pepe ukitumia kifaa kisafi. Barua pepe husahaulika, na ndiyo njia ya kubadilisha manenosiri mengine yote.
6. Kama ulitoa namba ya akaunti au ya hundi, kufunga kadi hakutoshi. Uliza kuhusu kuzuia makato, au kufungua akaunti mpya.
7. Piga picha skrini: orodha ya simu, SMS, miamala. Usifute kitu kwa hasira. Kisha toa taarifa polisi.

Kosa la kawaida ni kusubiri kesho kwa aibu, au kumpigia tapeli kumsihi arudishe.

Pesa itarudi?

Malipo ya kadi ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa kuna utaratibu wa kupinga malipo, wenye ukomo wa muda. Ukihamisha mwenyewe kutoka akaunti yako kwenda nyingine, inakuwa vigumu, na sheria za fidia zinatofautiana nchi hadi nchi. Kadi za zawadi ambazo umeshasoma namba zake, sarafu za kidijitali, na pesa iliyotumwa ikachukuliwa taslimu, mara nyingi ndiyo basi tena. Ndiyo maana matapeli wanazipenda njia hizo tatu. Benki ikikataa dai lako, omba jibu kwa maandishi na ulipeleke kwa mamlaka inayosimamia mabenki.

Mwezi mmoja baadaye amenipigia "wakili" anayesema anaweza kuzirudisha.

Ni walewale, au wamenunua jina lako kutoka kwa walewale. Anajua kiasi ulichopoteza na tarehe kwa sababu yuko upande ulioichukua. Atataka ada ya kufungua faili. Aliyeingizwa mjini mara moja hutafutwa tena, na kwa uchungu alionao huwa mwepesi kuamini.

Mzazi wangu ni mtu mzima na hupokea simu hizi kila siku. Nimsaidieje bila kumdhalilisha?

Usimfanyie mtihani wala usimcheke; anayechekwa hatakwambia siku ya pili. Hifadhi namba halisi ya benki kwenye simu yake kwa jina analolielewa. Weka simu inyamazishe namba zisizohifadhiwa, kama ina uwezo huo. Omba benki ishushe kiwango cha juu cha kutoa kwa siku, na iwashe SMS za kila muamala. Mkubaliane sentensi moja ya kumtoa kwenye simu yoyote ya pesa, asiyohitaji kuifikiria: "Mambo ya benki anashughulikia mwanangu, atakupigia." Iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, uibandike anapokaa akiongea na simu, na umwambie akupigie wewe baada ya kila simu ya namna hiyo, hata kama hakutoa kitu.